Majina ya Sayari na Mbingu ya Mtoto

Katika mambo ambayo mwalimu wa Kiswahili hulazimika kuyafundisha bila ya kuwa mtaalamu wake, ni machache yapendwayo na watoto kama habari za sayari. Mtoto asiyetaka kusikia lolote juu ya ngeli za majina atatulia kimya akiambiwa kwamba iko sayari yenye pete, na iko nyingine ambayo hulizunguka jua upesi kuliko inavyojizungusha yenyewe. Kwa hiyo tungetazamia kuwa vitabu vyetu vimelitengeneza somo hili kwa uangalifu. Tukivifungua, tunayoyakuta hayaridhishi. Katika makala haya twakusudia kulihakiki somo la sayari kama lipatikanavyo katika vitabu vya Kiswahili vya shule za msingi, na katika zile orodha za msamiati ambazo walimu huzinakili ubaoni, na kueleza kwa nini kasoro zake zina uzito zaidi katika nchi zetu kuliko pwani.

Majina yaliyohama

Kwa kawaida somo huja kama orodha. Mwanafunzi huyakariri majina kama akaririvyo majina ya miezi, hupimwa kwa kujaza mapengo, na jambo huishia hapo. Lakini hata orodha yenyewe si salama. Katika baadhi ya orodha zilizoenea, sayari iliyo karibu zaidi na jua huitwa Zebaki. Zebaki, kama ajuavyo kila aliyepata kukiona kipimajoto cha zamani, ni metali ya majimaji yenye rangi ya fedha. Kosa hili lilivyotokea si vigumu kulikisia. Kiingereza na Kifaransa hutumia jina moja kwa sayari na kwa metali hiyo; mfasiri alifungua kamusi, akakuta maana mbili, akachukua isiyokuwa yake. Kiarabu, kilichotupa majina yote mawili, hakichanganyi: Utaridi ni ya mbinguni, zebaki ni ya ardhini.

Kosa moja lilizaa mengine. Jina la Utaridi, likiwa limeachwa bila mwenyewe, likapelekwa mwisho wa orodha na kuvikwa Pluto. Zohali, ambalo ni jina la kale la sayari ile yenye pete, likahamishiwa Uranusi. Na yenye pete ikaitwa Sarateni. Neptuni nayo ikapewa jina la Kausi. Sasa Sarateni na Kausi si majina ya sayari hata kidogo. Ni buruji mbili katika zile kumi na mbili zijulikanazo na wenye elimu ya falaki, yaani mafungu ya nyota ambayo jua huonekana likipita mbele yake katika mwaka: Sarateni ni Kaa, na Kausi ni Upinde. Mtunga orodha alihitaji majina yenye sauti ya Kiarabu ili orodha ilingane, akayaokota yaliyokuwa karibu.

Kuyapima majina haya hakuhitaji utaalamu mkubwa, historia yatosha. Watu wa kale, Waarabu na Waswahili miongoni mwao, walizijua sayari tano tu mbali na dunia yetu, kwa sababu ndizo zionekanazo wazi kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Uranusi ilitambuliwa kuwa sayari mwaka 1781, kwa darubini ya William Herschel huko Uingereza. Neptuni ilionekana Berlin mwaka 1846, baada ya mtaalamu wa hesabu wa Ufaransa, Le Verrier, kukokotoa mahali ilipopaswa kuwa. Pluto ilipatikana Marekani mwaka 1930. Basi jina lolote la kale ambalo leo limebandikwa juu ya moja ya hizi tatu, lazima liwe limenyang'anywa kitu kingine. Waarabu wenyewe walipozihitaji Uranusi na Neptuni waliyapokea majina ya Ulaya na kuyatamka kwa ulimi wao. Kiswahili nacho hakitapungukiwa na heshima kikifanya hivyo hivyo.

Huenda akatokea mwenzetu akasema kwamba majina ni makubaliano tu. Watu wakikubaliana kuiita sayari Zebaki, itakuwa Zebaki. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama makubaliano hayo yangekuwapo. Hayapo. Kitabu kimoja chasema Utaridi ni ya kwanza, kingine chasema ni ya mwisho. Mtoto anayesoma vyote viwili hawezi kujua kama Utaridi inaungua jirani na jua au imeganda kwa baridi mahali ambapo jua lenyewe ni kinukta tu. Na akiandika jibu lililo sahihi mbele ya msahihishaji mwenye orodha ile nyingine, atanyimwa alama.

Kwa nini ni zito kwetu

Pwani, mtoto akipotoshwa na kitabu, huenda akasahihishwa nje ya kitabu. Zuhura ni jina la shangazi yake. Na akiuliza, aweza kumpata mzee mwenye kujua hesabu za falaki akamwambia Zohali ni ipi na Kausi ni nini. Mtoto wa Kampala, wa Kigali au wa Gitega mara nyingi hana shahidi wa pili. Kiswahili hakijawa lugha ya mama yake. Sayansi husomeshwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Na neno la Kiswahili la sayari hulisikia mara moja tu, katika kipindi cha Kiswahili, kinywani mwa mwalimu wake. Alichoambiwa hapo ndicho atakachodumu nacho.

Jukumu hili limezidi kuwa kubwa. Rwanda iliifanya lugha hii kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watoto wengi sana watakutana na Kiswahili cha maarifa kwa mara ya kwanza mikononi mwetu. Tukiwapa zebaki mahali pa Utaridi, watahitimisha, tena kwa haki, kwamba Kiswahili ni lugha ya kutafsiria mambo vibaya, na kwamba atakaye ukweli autafute katika lugha nyingine. Hasara hiyo ni kubwa kuliko alama moja ya mtihani.

Lugha iliyokwisha kufundisha

Lawama yetu ya pili ni kwamba vitabu hivi havikutumia mali iliyomo ndani ya lugha yenyewe. Tuchukue neno sayari. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kitu kiendacho. Neno lenyewe ni somo zima: katika nyota zinazokaa pamoja usiku baada ya usiku, ziko chache zisizotulia, zihamazo polepole kutoka fungu hadi fungu. Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kulizunguka jua, na kwa sababu hiyo hukaa takriban mwaka mmoja katika kila buruji. Hapo ndipo mahali pa Sarateni na Kausi: ni vituo ambavyo sayari hupita. Mtoto akielezwa hivyo, hatachanganya tena msafiri na kituo.

Tuchukue pia vitenzi. Kiswahili kina kiambishi cha kujirejea, nacho chatutatulia jambo ambalo vitabu vingi hulivuruga. Dunia hujizungusha, tukapata usiku na mchana. Dunia hulizunguka jua, tukapata mwaka. Silabi moja ndiyo itengayo myendo hiyo miwili. Lakini tumeona sura nzima zilizoandika kuzunguka kwa yote mawili, hata msomaji asijue ni mzunguko upi usemwao. Mwalimu wa lugha aliyekwisha kufundisha kunawa na kujinawia, kupenda na kujipenda, hana sababu ya kuiacha nafasi kama hii.

Ama kuhusu neno nyota, twaonya dhidi ya ukali usio na faida. Mtoto akisema Zuhura ni nyota ya alfajiri, vitabu humkemea. Lakini katika Kiswahili cha kila siku kila kinachometa usiku, isipokuwa mwezi, ni nyota. Vivyo hivyo katika Kiganda emmunyeenye, na katika Kinyarwanda na Kirundi inyenyeri. Mwalimu na alipokee neno la mtoto, kisha alipanue: katika nyota tuzionazo, nyingi zina moto wao wenyewe kama jua, chache humulikwa na jua tu, na hizo ndizo sayari.

Picha na ukweli

Picha za vitabuni nazo zastahili neno. Karibu zote huonyesha jua pembeni na sayari zikiwa zimepangwa kama abiria kwenye foleni, zikikaribiana hata kugusana. Hatuwalaumu wachoraji, kwani ukurasa hauna nafasi. Twawalaumu waandishi ambao hawakuongeza hata sentensi moja ya tahadhari. Mwalimu aweza kuirekebisha picha hiyo kwa mpira wa miguu na punje ya ulezi. Jua likiwa mpira, dunia ni punje hiyo, nayo huwekwa hatua thelathini hivi kutoka penye mpira, yaani karibu mita 24. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko sayari zote, ni gololi kubwa iliyo mita 120 na zaidi, nje ya uwanja wa shule. Neptuni iko mita 700, pengine ng'ambo ya soko. Na nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua ingekuwa umbali wa kilomita zaidi ya 6,000. Darasa lililotembea mita hizo haliwezi tena kudanganywa na picha.

Mwezi pia umechorwa kwa macho ya watu wengine. Vitabuni hilali husimama wima, kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka kuchorwa katika nchi za kaskazini ya mbali. Nchi zetu ziko juu ya Ikweta au karibu nayo, na hapa hilali ya jioni mara nyingi hulala chali kama mtumbwi ziwani. Mtoto aliyeuona mtumbwi huo na kisha akaona kitabu kikimsimamishia mwezi, ataamini kitabu na kuyadharau macho yake. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote ambayo somo la sayansi laweza kumtendea mtoto.

Pluto

Vitabu vilivyochapishwa kabla ya 2006 huhesabu sayari tisa. Mwaka huo, mwezi wa Agosti, wanafalaki wa dunia waliokutana Prague waliamua kwamba sayari ni ile ilizungukayo jua, yenye umbo la mviringo kwa uzito wake, na iliyokwisha kuisafisha njia yake. Pluto haitimizi sharti la tatu, ikawekwa katika kundi la sayari kibete. Wako walimu wanaoifuta tu na kuendelea. Sisi twaona afadhali ielezwe. Watoto hupenda kujua kwamba jina lake lilipendekezwa na msichana wa Oxford mwenye umri wa miaka 11, Venetia Burney. Na wakielezwa kwa nini hesabu ilibadilika wataelewa kwamba elimu hukua kwa watu kuchunguza na kuhojiana. Hilo halimo katika orodha yoyote ya kukariri.

Neno la mwisho

Tusiwanyime waandishi haki yao. Zuhura na Mirihi wameziacha mahali pake, mpangilio wa kutoka penye jua kwenda mbali ni mzuri, na wengi waliandika bila kamusi ya sayansi mezani. Lakini kosa likijulikana halina haki ya kuchapishwa tena. Twapendekeza orodha moja itumike katika shule zetu zote: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Na kabla mwalimu hajaiandika ubaoni, awaambie wanafunzi waitafute Zuhura kwanza. Haionekani usiku wa manane kamwe; itafutwe magharibi baada ya jua kuchwa, au mashariki kabla halijachomoza, kwa kadiri ya majira. Darasa likiisha kuiona, na likaiona tena mahali pengine baada ya wiki tatu, litakuwa limejifunza neno sayari kwa macho. Hapo ndipo jina lipewe.