Kichaa, Mwendawazimu, Mgonjwa wa Akili: Uhakiki wa Majina Tunayowapa Wagonjwa

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifika katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ya tafsiri, akiwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa cheti cha daktari kilichoandikwa kwa Kiingereza; ya pili ilikuwa tafsiri yake, iliyopigwa mhuri. Tafsiri ile niliifanya mimi. Daktari alikuwa ameandika kwamba mwalimu alitibiwa ugonjwa ambao siku hizi tunauita sonona, kwamba amepata nafuu, na kwamba aweza kurudi kazini. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba "alikuwa mgonjwa wa akili". Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia kwa upole: "Mwanangu, hili silo aliloandika daktari. Barua hii imesomwa mbele ya kamati ya shule, na sasa wazazi hawataki nishike darasa."

Kisarufi tafsiri ile haikuwa na kosa, wala hakuna kamusi ambayo ingenihukumu. Hata hivyo ilimpotezea mwalimu darasa lake. Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno tunayoyatumia kwa maradhi ya akili, na kuonyesha kwamba kasoro kubwa haimo katika ukali wa neno hili au lile. Imo katika desturi yetu ya kumfanya mtu na maradhi yake kuwa kitu kimoja, na ya kuyatia maradhi mengi katika jina moja.

Maneno tuliyorithi

Neno wazimu lina nasaba moja na mzimu: mwenye wazimu alidhaniwa kuwa ameingiliwa na mizimu. Majinuni, lililotoka katika Kiarabu, lina jini ndani yake. Punguani limetokana na kupungua, nalo lamtaja mtu aliyepungukiwa. Kila moja la maneno haya limebeba maelezo ya chanzo cha ugonjwa, ama kwamba ni pepo, ama kwamba ni upungufu wa mtu mwenyewe. Msemaji wa leo huenda asiyakumbuke maelezo hayo, lakini hukumu iliyotokana nayo imebaki.

Kichaa lastahili kuangaliwa peke yake. Baadhi ya watu husema kwamba neno hili ni la dharau kwa sababu limo katika ngeli ya KI-VI pamoja na kipofu, kiziwi na kiwete, kana kwamba mgonjwa amewekwa kundi moja na kiti na kisu. Hoja hii haitoshi. Kiongozi, kijana na kinyozi nao wana kiambishi hicho hicho, wala hatujasikia wakilalamika. Tena katika sentensi twasema kichaa huyu amekuja, wala hatusemi kichaa hiki kimekuja. Kasoro iko kwingine. Kichaa ni jina la ugonjwa, na papo hapo ni jina la mgonjwa. Twaweza kusema:

(a) Juma ana kichaa.
(b) Juma ni kichaa.

Sentensi ya kwanza yaeleza habari ya maradhi, ambayo yaweza kuja na kuondoka. Ya pili yaeleza habari ya Juma mwenyewe. Hakuna asemaye Juma ni malaria. Ukoma nao uliwahi kumpa mtu jina, akaitwa mkoma, na jina hilo lilimfuata hata baada ya vidonda kufunga. Aliyepona kichaa vivyo hivyo hana jina la kurudia; huitwa "yule aliyekuwa kichaa", na kijiji hukaa kikimvizia.

Mgonjwa wa akili

Istilahi hii ilipokelewa ili itutoe katika matusi, na kwa hakika ni ya adabu zaidi kuliko zilizotangulia. Lakini ina kasoro mbili.

Kwanza, kwa Mswahili akili ni busara, werevu na uwezo wa kupambanua mambo. Twasema akili ni mali. Twasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtoto anayefaulu mtihani husifiwa kuwa ana akili. Hivyo mtu aambiwapo kwamba akili yake ni mgonjwa, husikia kwamba ameondolewa kile kimfanyacho aaminiwe na wenzake. Lakini wengi wanaougua sonona hupambanua mambo sawasawa; kinachoharibika ni usingizi, hamu ya kula, furaha, na nguvu ya kuianza siku.

Pili, istilahi hii ni pana mno. Ndani yake imo skizofrenia, ambayo huweza kumfanya mgonjwa asikie sauti zisizosikiwa na wengine, imo sonona, umo na wasiwasi uliopita kiasi. Zaidi ya hayo, twaitumia hata kwa hali zisizostahili kuitwa hivyo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Mtindio wa ubongo kwanza ni tatizo la viungo na mwendo, na wako wenye mtindio ambao darasani huwashinda wenzao. Ulemavu wa akili huanza utotoni, nao si homa ya kuponywa kwa vidonge. Mwalimu anayewaandika watoto hawa wote chini ya jina moja katika ripoti yake humpeleka mtoto kwa mtaalamu asiyemhusu, na kumnyima yule anayemhitaji.

Upana huu una uzito hata katika sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, katika ibara ya 5, yautaja ugonjwa wa akili miongoni mwa sababu ambazo kwazo Bunge laweza kumzuia raia asitumie haki ya kupiga kura. Ikiwa maneno hayo hayo yamhusu mtu asiyejitambua kabisa, na pia mwalimu aliyekosa usingizi kwa miezi mitatu kisha akapona, mtumishi anayejaza fomu atatofautisha kwa kipimo gani? Ni jambo la kushukuru kwamba sheria ya Tanzania ya 2008 ilichagua kujiita ya afya ya akili, ambapo ile iliyotangulia ilijiita ya magonjwa ya akili. Lakini kubadili anwani ya sheria hakujabadili lugha ya fomu na barua zetu.

Je, kubadili jina kwatosha?

Wapo wenzetu wanaosema kwamba jina jipya huoza kama la zamani, na ushahidi wanao. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi, iliyoanza 1910 kwa jina la nyumba ya wendawazimu, ilipewa jina la Mathari 1924. Leo Mathari ni neno la kejeli. Hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa Dodoma 1927, imepatwa na hayo hayo: mtu akibishana nawe sokoni hukuuliza kama umetoroka Mirembe. Majina ya mahali pa tiba yamegeuzwa matusi, na kwa sababu hiyo wapo wanaoona haya kumpeleka ndugu yao huko mpaka mambo yawe yameharibika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini atayafichuaje, ikiwa jina la maradhi lenyewe ni fedheha?

Hata hivyo, jina laweza kufanya kazi ambayo wapinzani wa mabadiliko hawaihesabu. Mwaka 2002 chama cha madaktari wa maradhi ya akili nchini Japani, baada ya kuombwa na jamaa za wagonjwa, kiliacha jina la zamani la skizofrenia, lililomaanisha ugonjwa wa kupasuka kwa nafsi, kikachukua jina linaloeleza kuvurugika kwa uwiano wa nafsi. Kabla ya hapo, wagonjwa walioambiwa jina la ugonjwa wao walikuwa kiasi cha theluthi moja tu. Katika miaka michache tu walifikia theluthi mbili. Dharau haikwisha kwa sababu hiyo, lakini daktari alipata neno analoweza kulitamka mbele ya mgonjwa, na mgonjwa akapata neno la kuulizia dawa.

Mapendekezo

(i) Katika maandishi rasmi tutumie "kuwa na" badala ya "kuwa": mtu mwenye skizofrenia, mtu anayeugua sonona. Lugha yetu inao muundo huu tangu zamani, hatuhitaji kuuazima.

(ii) Daktari akiutaja ugonjwa kwa jina, mfasiri asiubadilishe kuwa ugonjwa wa akili. Sonona ni mfano mzuri wa istilahi iliyochimbuliwa nyumbani: aliyewahi kusononeka hahitaji kufafanuliwa.

(iii) Ugonjwa wa akili libaki kuwa jina la jumla la kundi, wala lisitumike kwa kifafa, mtindio wa ubongo wala ulemavu wa akili.

(iv) Kichaa, wazimu na mwendawazimu yasifutwe katika kamusi. Ni mali ya lugha, na fasihi yayahitaji. Yatosha yatiwe alama ya kuonyesha kwamba hayafai katika hati za tiba, shule na serikali.

Cheti cha mwalimu yule nilikiandika upya siku ile ile, naye akaondoka nacho. Kwamba kilirudishiwa heshima mbele ya kamati ile ile iliyosikia cha kwanza, sina hakika. Maneno yaliyokwisha kusomwa hadharani hayafutwi kwa mhuri wa pili. Kwa hiyo yafaa sisi tunaotafsiri tuwe waangalifu katika mara ya kwanza. Wasomaji wenye maoni juu ya istilahi hizi, hasa walimu na watumishi wa hospitali wanaozitumia kila siku, wanaombwa wayalete ili yajadiliwe.