Kufungua Bila Kuvunja

Kuchokoa kufuli ni kulifungua bila ufunguo wake na bila kuliumiza, kwa vyuma viwili vyembamba na subira. Chuma cha kwanza ni kikazio, kinachosukuma kiini cha kufuli kigeuke. Cha pili ni kichokoo, kinachoinua pini moja baada ya nyingine. Kazi ikiisha, kufuli hufungika tena kama lilivyokuwa, na ufunguo wake ukiokotwa kesho huingia na kugeuka kana kwamba hakuna aliyepita. Hapo ndipo ufundi huu unapoachana na ule wa mtaimbo na msumeno.

Neno kufuli lililetwa Uswahilini na Kiarabu, lakini fikra iliyomo ndani yake ni ya zamani zaidi. Wamisri wa kale walikuwa na komeo la mti lenye vijiti vilivyoanguka kwa uzito wake na kulizuia lisivutwe. Ufunguo, nao wa mti, uliviinua vyote kwa pamoja. Fikra hiyohiyo ilirudi kwa chuma nchini Marekani, Linus Yale mdogo alipopata hataza zake za mwaka 1861 na 1865, na ndiyo iliyomo katika makufuli mengi yanayoning'inia leo kwenye mageti ya Kisauni na Changamwe, Mombasa. Ndani yake mna kiini cha duara, na juu ya kiini mna safu ya matundu, mara nyingi manne au matano. Kila tundu lina pini mbili zilizobebana na springi inayozikandamiza kutoka juu. Ufunguo sahihi huinua kila jozi mpaka mwanya ulio kati ya pini mbili ulingane na ukingo wa kiini. Hapo kiini huwa huru, kikageuka.

Kama mashine ingetoboa matundu hayo katika mstari ulionyooka kabisa, pasingekuwa na la kuchokoa. Lakini hakuna mashine ya hivyo. Tundu moja limekaa pembeni kidogo, tofauti isiyozidi unene wa unywele, na kwa sababu hiyo kiini kikisukumwa na kikazio hakibanwi na pini zote kwa mara moja. Hubanwa na moja. Mchokozi (neno la kizaha, lakini hakuna linalomfaa zaidi) huitafuta hiyo moja. Pini zilizo huru hudundadunda juu ya springi zake. Iliyobanwa ni nzito, kama jino lisilotaka kung'oka. Huisukuma polepole mpaka pini ya juu ivuke ukingo, na kiini kisogee kiasi ambacho jicho halioni. Kidole kilicho juu ya kikazio ndicho kinachojua. Kisha pini nyingine hubanwa, safari ikaanza upya.

Kosa la karibu kila anayeanza ni nguvu. Huona kufuli ni gumu, akalikandamiza, na pini zote zikaganda mahali pake. Uzito unaotosha ni ule wa kidole kinachobonyeza simu. Ndiyo sababu wengi hufanikiwa kwa mara ya kwanza wakiwa wanafikiria jambo jingine, redio ikinguruma na chai ikipoa mezani: mkono umesahau kukaza.

Vifaa havina gharama kubwa. Ndani ya mpira wa waipa ya gari mna ukanda mwembamba wa chuma kisichoshika kutu. Ukikunjwa ncha yake huwa kikazio. Kipande cha msumeno wa chuma, kikichongwa kwa tupa na kulainishwa kwa msasa, huwa kichokoo. Msasa usiachwe, maana ncha yenye makwaru huikwaruza shaba na kuudanganya mkono. Kufuli la kuanzia liwe la bei ndogo, jipya, la mwili wa shaba, na liwe na ufunguo wake, ili mwanafunzi aangalie meno yake na kujua ni pini ipi iko juu na ipi iko chini. Baada ya hapo, chimbuko zuri ni kwa wauza vyuma chakavu, ambako makufuli yaliyopoteza funguo huuzwa kwa kilo pamoja na misumari na bawaba. Mengi yamefikishwa huko na watu wanaochokora majaani, na katika kitenzi hicho ndimo lilimozaliwa neno chokoraa.

Katika Mombasa ya bara kuna somo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilipi uzito: chumvi. Hewa ya bahari hula makufuli mengi kuliko wezi. Likoni, kufuli lililokaa getini tangu kusi hadi kaskazi huwa na mwili mzima, huku springi zake zimekuwa unga mwekundu. Pini isiyosukumwa na springi hubaki ilipoachwa, na mchokozi hudhani ameiweka sawa kumbe imeganda tu. Watu hutia mafuta ya kupikia, kosa kubwa, kwa kuwa hugeuka utomvu na kukamata mchanga. Mafuta ya taa huosha lakini hukauka upesi. Unga wa penseli, uliokwanguliwa na kupulizwa ndani ya tundu la ufunguo, hutelezesha bila kunasa vumbi. Kufuli la pwani husafishwa kwanza, ndipo lichokolewe.

Sheria nayo haikuusahau ufundi wa kufungua bila kuvunja. Kifungu cha 303 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, humhesabu kuwa amevunja jengo hata mtu aliyeufungua tu mlango uliofungwa, au aliyeuvuta, kuusukuma au kuuinua. Kiswahili kiliyajua hayo mapema: mwizi husemwa amevunja nyumba hata akiingia kimya bila kugusa bawaba. Kifungu cha 304 huadhibu kuvunja makazi na kuingia kwa nia ya kutenda kosa kubwa kwa kifungo cha hadi miaka 7, na 10 ikiwa ni usiku. Na kifungu cha 308 humgusa anayekutwa nje ya makazi yake na chombo cha kuibia. Kwa hiyo vichokoo havitembezwi mfukoni kwenye feri. Hukaa nyumbani, na kufuli la mazoezi hukaa navyo.

Wapenzi wa mchezo huu duniani wana kanuni mbili. Kufuli lisilo lako haliguswi bila idhini ya mwenyewe. Kufuli linalotumika haliguswi hata kama ni lako, kwa kuwa pini ikinasa usiku, familia hulala nje. Lipo pia kufuli la tatu, linalojulikana vyema na wapangaji wa Changamwe: lile ambalo mwenye nyumba huliongeza mlangoni kodi ikichelewa. Hilo ni ugomvi wa watu wawili, halimfai mwanafunzi kujifunzia.

Uchokoaji wa hadharani ulipata jina mwaka 1851. Wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua kufuli la kampuni ya Chubb kwa dakika zipatazo 25. Kisha akaliendea la Bramah, lililokaa dirishani mwa duka miaka mingi na ahadi ya gini 200 kwa atakayelishinda. Lilimla saa zipatazo 51 zilizogawanywa katika siku 16, akalifungua. Waingereza walikasirika, halafu wakatengeneza makufuli bora. Chama cha kwanza cha wapenzi kiliundwa Ujerumani mwaka 1997, na leo wapenzi hao hukutana kushindana kwa saa kama wanariadha.

Anayezizoea pini za kawaida hukutana na zenye kiuno chembamba, zilizochongwa makusudi zimhadae. Kiini hugeuka ghafla, tena kwa furaha, halafu hukwama. Dawa yake ni kulegeza kikazio kidogo kidogo huku pini ikisukumwa, mpaka kiini kirudi nyuma kwa mnyato mwepesi na kiuno kiachie. Ukilegeza kupita kiasi pini zote huanguka, na kazi ya nusu saa imekwisha.

Mbele ya hapo kuna ufundi ambao wengi huuona ndio wenye heshima zaidi: kutoa ufunguo ndani ya kufuli lenyewe. Ufunguo usio na meno huingizwa, hukazwa na kutikiswa, kisha hutolewa na kuangaliwa juani. Pini zilizobanwa huacha alama ndogo kwenye shaba, nukta hafifu isiyoonekana mpaka ufunguo uelekezwe vizuri kwenye mwanga. Penye nukta hupitishwa tupa mara moja au mbili, unga wa manjano hupulizwa, ufunguo hurudishwa. Pasipo nukta hapaguswi. Ufunguo huenda na kurudi hivyo kati ya jiliwa na kufuli, meno yakizama kidogo kila safari, mpaka ugeuke na upinde wa kufuli uruke juu, na kufuli la vyuma chakavu liwe na ufunguo wake tena.