Utepe wa Syanna

Nikitaka kujua kama waundaji wa gemu wanauheshimu uamuzi wa mchezaji, natazama jambo moja kwanza: je, wamekubali kutoa jasho kwa sehemu ambayo wachezaji wengi hawataifikia? Studio ya CD Projekt Red ya Warsaw, Poland, imelijibu swali hilo vizuri sana, hasa katika nyongeza za magemu yake.

Chukua Blood and Wine, nyongeza ya The Witcher 3 iliyotoka mwaka 2016. Geralt, mwindaji wa mazimwi, anajikuta ndani ya kitabu cha hadithi kilichotengenezwa kwa uchawi kwa ajili ya mabinti wawili wa mtawala. Yuko na mmoja wao, Syanna, sasa mtu mzima mwenye kisasi moyoni. Humo mna msichana mchuuzi, na msichana huyo ana utepe. Hulazimiki kuutafuta. Ukimpita, hadithi inaendelea bila kasoro yoyote. Lakini Syanna akiupata, basi baadaye mnyonya damu Dettlaff anapomshambulia ili amuue, utepe unamtowesha hadi mbali akiwa hai. Bila utepe, anakufa mbele ya macho yako.

Naupenda sana ukimya wa kazi hiyo. Uhai wa mtu unaamuliwa katika mazungumzo mafupi na mchuuzi, wala hapapigwi mbiu. Tena kuokoka kwake hakumalizi mambo: Syanna anaweza kupatana na ndugu yake Anna Henrietta, au akamuua, ikitegemea Geralt alichunguza nini na alimwambia nini alipokwenda kumwona.

Nyongeza huwa na ugumu wake. Hadithi kuu imekwishaandikwa, hivyo waandishi wengi huogopa kuigusa. Phantom Liberty, nyongeza ya Cyberpunk 2077 ya Septemba 2023, imeigusa. V, mhusika wetu, ni mgonjwa anayetafuta tiba, na inabidi achague kati ya Songbird, mdukuzi aliyemwahidi tiba hiyo, na Reed, jasusi aliyeigizwa na Idris Elba. Ukiwa upande wa Reed, utashuka chini ya ardhi na kujificha usionwe na roboti isiyodhurika kwa silaha zako. Ukiwa upande wa Songbird, utapigana katika kituo cha kurushia vyombo vya angani. Hizo ni misheni mbili kamili, na ukicheza mara moja utaiona moja tu.

Songbird akikabidhiwa kwa Reed akiwa hai, gemu kuu linapata mwisho ambao halikuwa nao. V anapona. Anazinduka baada ya miaka miwili, hawezi tena kutumia vifaa vya kivita mwilini mwake, na marafiki wamekwisha kushika maisha mengine. Tiba imepatikana, ila aliyeitafuta hana tena nafasi katika jiji lake. Sijaona nyongeza nyingine iliyothubutu kiasi hicho.

Kwa hiyo nakuomba wewe utakayezicheza: ukijutia uamuzi, usikimbilie kurudi pale ulipohifadhi mchezo. Endelea nao hadi mwisho kwanza. Hata matokeo mabaya yaliandikwa kwa uangalifu uleule.