Rimiksi: pigo la kwanza liko wapi?

Jumamosi yoyote hapa Goma, toka Birere mpaka Katindo, utasikia rumba ya zamani ambayo imewekewa besi ya amapiano. Mutu anachukua seben ya Kinshasa, anaifunga na ile besi ya Afrika Kusini, anaandika "rimiksi" kwenye faili, anatuma kwa WhatsApp. Batu banacheza, sikatai. Hata mimi nacheza. Lakini sikiliza tano mfululizo, utaona ni wimbo mumoja tu. Ni kama ile nguo ya arusi ya kukodisha: kila bibi-arusi anaivaa, hakuna yenye ilishonewa.

Basi rimiksi nzuri ni ipi? Kwangu, ni ile ambayo fundi alijua kwanza kitu gani katika wimbo hakiguswi, kisha akakuwa na ujasiri wa kugusa yote iliyobaki.

Tuanze Jamaika. Miaka ya 1970, King Tubby, fundi wa umeme wa Kingston, alikaa mbele ya mashine ya kuchanganya sauti akafanya kazi ya kutoa. Alitoa mwimbaji, akaacha besi na ngoma, halafu akarudisha kipande kidogo cha sauti chenye mwangwi. Wimbo uleule, lakini sasa unasikia mifupa yake. Vijana wetu wanafanya kinyume: wanaongeza, wanaongeza tena. Sisi wa kilimo tunajua, mti wa kahawa usiokatwa matawi unapendeza kwa macho, lakini ngoja mavuno.

Mfano wenye uko karibu yetu zaidi ni Konono N°1 ya Kinshasa, kundi la mzee Mingiedi Mawangu. Walichukua likembe, wakatengeneza maikrofoni kwa sumaku za vyuma vya magari ya zamani, wakapitisha sauti kwenye vipaza-sauti vikali. Sauti ikapasuka. Wao hawakuficha ule mpasuko, waliupiga kama chombo kingine. Albamu yao Congotronics ilitoka 2004 kwa Crammed Discs ya Brussels, na 2010 kampuni hiyo ikatoa Tradi-Mods vs Rockers, ambamo wanamuziki kama Deerhoof wa Marekani na Juana Molina wa Argentina walizifanya upya kazi za Konono, Kasai Allstars na wengine.

Ile albamu haiko sawa mwanzo mpaka mwisho. Mahali likembe imewekwa kama pilipili juu ya chakula cha mwingine, ninaruka. Ninarudia zile ambamo mgeni alikubali kupotea kidogo. Na walipotea kweli: 2011 walipanda jukwaa moja na Wakongomani, na rekodi za kazi hiyo zilipotoka 2022 ziliitwa Where's the One? Jina lenyewe ni swali la mwanamuziki anayetafuta pigo la kwanza.

Hapo ndipo shida yote. Programu ya kompyuta inakata wakati kwa visanduku sawasawa, na pigo la kwanza liko kwa kisanduku cha kwanza, bila mjadala. Likembe mbili zikizungukana, mwanzo unategemea sikio lako limefuata nani. Ukipachika dumu nzito kwenye kila pigo, umeamua kwa niaba ya msikilizaji. Umefunga mlango wenye ulikuwa wazi.

Msidhani ninataka wimbo uhifadhiwe kama maiti. Kule Dar es Salaam, mafundi wa singeli wanakata kipande cha taarabu, wanakizungusha na kukikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika. Sikilizeni Sounds of Sisso, iliyotolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni ukorofi mtupu, na ninaupenda, kwa sababu ile mbio ni wazo. Kuna mutu alijiuliza: hii kinanda ikikimbia, itasema nini? Yule wa amapiano hapa kwetu hajiulizi.

Na kwetu si mchezo tu. Kijana mumoja wa Majengo alirekodi kwa simu tate yake, mama ya mama yake, aliyekimbia toka Masisi. Anaimba Kihunde huku anatwanga sombe. Rimiksi ya kwanza ya yule kijana ilifuta sauti ya mchi, eti ni kelele, na ikanyoosha uimbaji wa mama ufuate mashine. Ya pili aliacha mchi uongoze: alitafuta besi ambayo inangojea mchi, na mahali mama anapumua, kila kitu kinanyamaza. Zote mbili ziko kwa simu yangu. Ya kwanza nilisikiliza mara mbili. Ya pili imefanya nimuombe ile rekodi ya mwanzo, isiyo na kitu.

Akaniambia simu yenye ilikuwa na rekodi hiyo iliibiwa. Sasa wimbo wa tate uko ndani ya rimiksi tu, na faili ina jina la DJ peke yake. Nilimuomba aweke jina la mama pale mbele. Alibadilisha jioni ileile, lakini ile ya zamani ilikuwa imeshatembea kwenye magrupu karibu yote ya mutaa.