Weusi Uliotupwa

Yeyote aliyetazama mechi ya mapema ya Jumamosi kwenye runinga ya QD-OLED, dirisha likiwa wazi, ameliona tatizo. Jezi nyeusi, kivuli cha jukwaani, ile mistari ya juu na chini ya filamu: vyote vimekuwa kijivu kinachoelekea zambarau. Paneli haijaharibika. Iliundwa hivyo makusudi, na ndiyo maana siipendekezi kwa sebule yoyote ya Ikutha.

Samsung Display ilipoingiza QD-OLED sokoni mwaka 2022, ndani ya S95B ya Samsung na A95K ya Sony, iliacha polaraiza. Kazi ya polaraiza ya mduara ni moja: mwanga wa chumba ukiingia kiooni, ukagonga metali iliyo nyuma ya pikseli, hunaswa wakati wa kurudi. Ni kweli ina gharama, kwani humeza zaidi ya nusu ya mwanga wa paneli yenyewe. Kuiondoa kukaipa Samsung niti za mwangaza za kujivunia dukani. Lakini mtu anayelipia OLED analipia weusi kwanza! Pikseli iliyozimika kabisa haina maana ikiwa inamrudishia mtazamaji mwanga wa dirisha lake. Walibadilisha kitu kilichoitofautisha OLED na runinga nyingine zote kwa tarakimu ya kwenye boksi. Kosa hilo silisamehe.

Mwaka 2024 wakaongeza jingine. S95D ilikuja na kioo kisichong'aa: taswira ya dirisha inapotea, ila mwanga wake unasambazwa uso mzima, na kijivu kinaenea hadi mahali ambapo hakikuwapo.

Sasa leta paneli hiyo huku Ikutha, kwenye barabara ya Kibwezi kwenda Kitui. Mechi inayoanza Uingereza saa sita na nusu mchana, kwetu ni saa nane na nusu au tisa na nusu, kutegemea msimu wao. Jua bado liko juu. Paa ni la mabati, na ukifunga madirisha na kuteremsha pazia zito umejenga tanuri. Watu watafungua mlango, na wana haki. Duka la Nairobi lililokuonyesha runinga hiyo kwenye kona yenye giza halikukuonyesha chumba chako. Nimelalamikia kona hizo miaka mingi na sitaacha.

Rangi za QD-OLED ni bora, sina ubishi.

WOLED, yaani OLED ya LG Display, imebaki na polaraiza, na weusi wake unabaki mweusi mchana. Pikseli yake nyeupe hufifisha rangi kali kwenye mwangaza wa juu, lakini LG G5 ya 2025, yenye tabaka nne za kutoa mwanga, imepunguza sana pengo hilo. Kwa saa tisa alasiri, hiyo ndiyo ya kununua.

Wazee walilielewa jambo hili. Uso wa runinga ya Trinitron ya Sony ya 1968 ulinyooka wima, hivyo taa ya dari haikurudi machoni kirahisi. Panasonic, kwenye plazma yake ya ZT60 mwaka 2013, iligandisha kioo cha mbele moja kwa moja kwenye paneli, bila nafasi ya hewa, ili kupunguza uakisi. Mwaka uleule ikaacha kutengeneza plazma, na sijaona wahandisi wengine waliojali chumba cha mtazamaji kiasi hicho.

Tena usinunue kwa jina pekee. S90C ya 2023 ilikuwa QD-OLED kwenye inchi 55, 65 na 77, lakini ile ya 83 ilibeba WOLED ya LG Display, jina lilelile. Muulize muuzaji paneli ni ipi, kwa saizi unayoichukua, kabla hujalipa. Na kama QD-OLED imeshafika nyumbani, itundike kwenye ukuta uleule wenye dirisha, mwanga upite nyuma yake, kisha filamu za giza zisubiri hadi baada ya saa moja usiku.