Majub na Kibasila: Nani wa Kumlilia?

Ukizitazama sinema za Kijerumani za miaka ya 1930 utamwona kijana mmoja mweusi nyuma ya mabwana. Anabeba sinia, anaitika, anatoka. Huyo ni Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani. Yeye mwenyewe alivaa magwanda hayo akiwa mtoto, katika Vita Kuu ya Kwanza. Berlin alifundisha Kiswahili, akahudumia wateja mezani, akaigiza. Mwaka 1941 ilitoka sinema ya kumtukuza Carl Peters, naye yumo. Mwaka huohuo akakamatwa kwa kuwa na mwanamke Mjerumani. Hakupelekwa mahakamani. Alifia kambi ya Sachsenhausen, Novemba 1944.

Eva Knopf, katika filamu Majubs Reise (2013), kafanya jambo la akili. Kaokota vipande vilevile vya zamani, kasimamisha picha, katuelekeza macho kwa yule wa pembeni. Ubaguzi ulimweka nyuma. Fani inamleta mbele. Hakuna mahubiri. Hapo nampa tano.

Lakini jamani, sisi wa huku tuna swali letu. Mwaka 1905 Mjerumani alianza kujenga reli kutoka Dar, ile inayopita Soga na Ruvu, Kibaha. Mwaka huohuo Maji Maji ilizuka, na Jumbe Kibasila wa Kisangire, upande wa Kisarawe, akawa miongoni mwa waliogoma. Alinyongwa. Waliotumwa kuzima vita ile walikuwa askari, wenzake baba yake Majub. Sasa tumlilie nani?

Mimi nasema wote wawili, ila tusidanganyane. Jiwe dogo la kumbukumbu lililowekwa Berlin mwaka 2007, mbele ya nyumba aliyoishi Majub, linamkumbuka aliyeuawa. Ni haki yake. Mwandishi hana ruhusa ya kuchukua nusu ya mtu: aliyeonewa alikuwa pia amelivaa vazi la mwonevu.

Abdulrazak Gurnah kaligusa jeraha hilo katika Afterlives (2020), kwa Kiingereza. Berlin nako, tangu 2024, sehemu ya mtaa uliopewa jina la Peters mwaka 1939 inaitwa Maji-Maji-Allee. Wenzetu wanaandika, wanabadili vibao. Sisi tunayo lugha aliyoifundisha Majub. Basi kijana mwenzangu, chukua kalamu, waweke Majub na Kibasila katika hadithi moja, watazamane usoni. Ukiweza kuwaacha wote wawili waseme, tuletee tuisome.