Fundi Alifanya Kazi kwa Saa Ngapi?

Fundi hulipwa shilingi 150 kwa saa kwa saa 40 za kwanza za wiki. Kila saa inayozidi hapo hulipwa mara moja na nusu. Wiki iliyopita alipokea shilingi 7,800. Je, alifanya kazi kwa saa ngapi? Chagua: 8, 12, 48 au 52.

Mtahiniwa mwenye pupa hugawanya 7,800 kwa 150, akapata 52, akaikuta imeshaandikwa kwenye karatasi. Mtungaji alijua kuna atakayepita njia hiyo. Mwingine huondoa shilingi 6,000 za saa 40, akagawanya 1,800 zilizobaki kwa 225, akapata 8. Hajakosea hesabu hata kidogo, ila alama imempotea: 8 ni saa za ziada tu, na swali limeuliza saa zote. Jibu ni 48.

Ndiyo maana mafumbo ya ujira yanastahili heshima. Kugawanya, hata kikokotoo hugawanya. Kazi ya mtu ni kuamua herufi isimamie nini. Mjuzi huanza kwa kuandika: x ni idadi ya saa za ziada. Hilo neno "idadi" lina uzito. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1981, wanafunzi wa uhandisi walitakiwa kuandika mlinganyo wa chuo ambacho wanafunzi wake ni mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi walikosea, na kosa lililozoeleka lilikuwa 6S = P. Waliyafuata maneno yalivyopangana kwa Kiingereza, S ikawa mwanafunzi mwenyewe badala ya idadi ya wanafunzi.

Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika karne ya 9, aliuliza: kibarua anayelipwa dirhamu 10 kwa mwezi atapata ngapi kwa siku 6? Dirhamu 2, bila shaka. Uzuri upo katika mpangilio wake. Alieleza kwamba kila muamala una namba nne, tatu zinajulikana na moja haijulikani, na kwamba lazima kwanza ujue ipi inakabiliana na ipi.

Mtihani wa KCSE nchini Kenya huupeleka ustadi huo mbali zaidi kwa maswali ya kodi ya mapato. Kodi hutozwa kwa ngazi, kila ngazi na kiwango chake. Pengine mtahiniwa hupewa kodi iliyolipwa, akatakiwa kurudi nyuma hadi kwenye mshahara. Aliyemwelewa fundi wa saa 40 ameshaelewa umbo la swali hilo: kuna mpaka, na ukiuvuka kiwango hubadilika.

Leonardo wa Pisa, katika kitabu chake cha mwaka 1202, ana fumbo tamu kuliko yote haya. Kibarua hupata bezanti 7 kwa mwezi akifanya kazi, na asipofanya hulipa 4. Mwezi umekwisha, siku nyingine amefanya kazi, nyingine hakufanya, na mkononi ana bezanti 1. Idadi ya siku za kazi ikiwa x katika mwezi wa siku 30, basi, pande zote zikizidishwa kwa 30, 7x − 4(30 − x) = 30, na x ni 13 na 7/11. Sehemu hiyo inatisha, na wengi wangefuta waanze upya. Mjuzi huirudisha kwenye swali: ujira ni bezanti 3 na 2/11, faini ni 2 na 2/11, na inayobaki ni 1.